Barua Moja kwa Kila Taasisi

Fundi aliiweka ile balbu kwenye kiganja, akaipuliza vumbi, akaigeuza mara mbili kana kwamba ni ya dhahabu, kisha akasema, "Elfu tisa."

"Jana uliniambia elfu sita na nusu," alisema yule mwanamke.

"Jana hukununua."

"Jana hukuwa nayo. Ulisema unaniagizia."

"Si ndiyo hii nimekuagizia? Mzigo umepanda, Daktari. Hata mimi nimeumia." Hakuwa na sura ya mtu aliyeumia. Alikuwa anatafuna kijiti cha meno na redio mbili zimefunguliwa matumbo mbele yake. "Halafu hii siyo taa ya pikipiki. Volti sita, wati ishirini, miguu miwili. Ukiingia mjini kuitafuta utazunguka mpaka soli ziishe."

Alikwishazunguka. Taa ya hadubini pale maabara iliungua Jumatatu asubuhi. Fomu ya kuomba taa mpya inahitaji saini tatu, na kufikia leo Ijumaa ilikuwa imepata moja tu, nayo ni ya kwake mwenyewe. Akafungua pochi, akatoa pesa alizolipwa kwa kufundisha baiolojia watoto wa jirani siku za Jumamosi, akamhesabia fundi noti kuukuu moja moja.

"Hivi hao panya wako," fundi aliuliza huku akizipokea, "wanajua kwamba unawagharamia kutoka mfukoni?"

"Walishakufa."

"Pole sana," alisema fundi, na alionekana kumaanisha.

Mtaani alikopanga walimwita Daktari wa Panya. Siku alipohamia, mpangaji wa chumba cha pili alimgongea mlango kumwomba sumu, akasema, "Dada, si wewe mtaalamu wao? Kwangu wamehamia na ukoo mzima." Mwanzoni alijaribu kueleza. Alisema yeye anachunguza ubongo, kwamba anataka kujua mtoto aliyepata degedege akiwa mchanga hupoteza nini kichwani ambacho baadaye kitamfanya asikumbuke anachofundishwa darasani, na kwamba anatumia panya kwa sababu kichwa cha mtoto hakipasuliwi kwa ajili ya kuangalia. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakasema sawa, kisha wakaendelea kumwita Daktari wa Panya. Naye akaachana nao.

Alitembea kwa miguu mpaka chuoni, balbu ameifunga kwenye leso. Maabara ilikuwa mwisho wa korido, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu na ambacho bado kina viti viwili vibovu. Alikunja miguu ya balbu kidogo kwa koleo, akaisukuma mahali pake, akawasha. Mwanga ukaja wa njano, akakizungusha kitasa ukawa mweupe. Aliinama akatazama.

Pale chini kulikuwa na kipande cha ubongo wa panya, chembamba kuliko karatasi ya sigara, kimetiwa rangi ya zambarau. Ni ile sehemu inayotunza kumbukumbu. Seli zake hujipanga kwenye mstari mmoja mrefu uliopinda. Alikuwa anaitazama kwa mwaka wa tisa sasa na bado ilimpendeza, na hakuna mtu aliyemlipa ili apendezwe. Mkataba wake uliisha miezi minne iliyopita. Tangu hapo alikuwa anaingia maabara kwa hisani, neno ambalo msajili wa chuo alilisema huku akimwangalia viatu.

Slaidi zilikuwa arobaini na nane. Nusu zilitoka kwa panya waliopata degedege wakiwa wachanga, nusu kwa panya wazima. Zipi ni zipi, hakujua, na hakutakiwa kujua. Ndivyo kazi hii inavyofanywa, maana mtu akijua kwamba hii ni ya mgonjwa ataanza kuona seli chache hata kama zimejaa. Kwa hiyo kila slaidi ilipewa namba na mtunza panya, orodha ya namba ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikagundishwa. Yeye mwenyewe alisaini juu ya gundi, akaipeleka kwa mkono wake kwa Profesa, mkuu wa idara na mwalimu wake tangu shahada ya kwanza, aitunze kabatini. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Kila mwisho wa mwezi alimpelekea Profesa hesabu alizomaliza, na kila mara bahasha aliiacha huko huko bila hata kuiulizia. Sasa zilibaki slaidi mbili.

Zikiisha hizo mbili na bahasha ikafunguliwa, angekuwa na matokeo. Na matokeo ndiyo yaliyodaiwa kwenye ombi la ufadhili wa watafiti wachanga wa ubongo: mshahara wa miaka mitatu, vifaa, na meza isiyo ya hisani. Ufadhili huo hutolewa mara moja kwa mwaka, na mwombaji lazima awe hajapitisha miaka sita tangu apate shahada ya uzamivu. Yeye miaka yake sita ingetimia baada ya wiki tatu. Dirisha la maombi lingefungwa leo saa kumi na moja jioni. Kwake yeye ilikuwa leo au basi.

Hakuanza kuhesabu. Alihitaji pia barua ya taasisi yenye saini ya mkuu wa idara na muhuri, na ofisini kwa Profesa siku ya Ijumaa watu wakitoka kwenda kula huwa hawarudi. Akafunika hadubini kwa mfuko wake wa plastiki, akapanda ngazi.

Katibu muhtasi wa idara alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani yenye mnyororo. Aliijua idara kuliko wote waliowahi kuiongoza, na alikuwa ameona wakuu saba wakiingia na kutoka. Kila mtu alimwita Mama.

"Shikamoo, Mama. Nimeleta barua ya Profesa kusaini. Iko kwenye flashi."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi imeisha."

"Na rimu hiyo chini ya meza?"

"Hiyo ni ya mitihani. Nikiigusa nitaulizwa."

Alishuka ngazi, akatoka getini, akapanga foleni stesheneri. Ukutani kulikuwa na tangazo jipya la bei lililobandikwa juu ya tangazo jipya la wiki iliyopita. Ukurasa mmoja, mia tatu. Mbele yake kulikuwa na wanafunzi tisa wanaoprinti kazi wasizozisoma. Aliporudi juu ilikuwa saa tano kasoro, na Mama alikuwa kwenye simu na mtu wa mabati. Alisubiri kwenye kiti cha plastiki mpaka suala la mabati likaisha.

Mama alipokea barua, akaisoma polepole akifuatisha mistari kwa kalamu. Alipofika katikati akavua miwani.

"Hii ni ya ule ufadhili wa ubongo?"

"Ndiyo, Mama."

"Unaofungwa leo?"

"Saa kumi na moja."

"Mbona barua ya huo ilishatoka? Jumanne hii. Nimeichapa mimi mwenyewe na muhuri nimegonga mimi."

"Barua ya nani?"

Mama akataja jina la kijana ambaye idara nzima humwita Bwana Kongamano. Alikuwa mpwa wa mke wa Profesa. Alirudi mwaka jana na shahada ya ng'ambo, na tangu arudi hajakosa kongamano hata moja. Alikuwa na mabegi manne ya nguo yenye nembo za mikutano minne. Hakuwahi kumgusa panya. Alisema ana mzio.

"Basi na mimi niandikiwe yangu," alisema mtafiti. "Tutaomba wawili."

"Mwanangu." Mama aliishusha sauti. "Kila taasisi inateua mtu mmoja. Barua moja kwa kila taasisi. Wafadhili waliandika hivyo."

"Kwenye tangazo hakuna sharti hilo."

"Lilikuja kwenye barua ya wakuu. Nyie hamkutumiwa."

Mama aliiangalia ile barua ya mia tatu, akaiweka mezani kwa uangalifu, akainyoosha pembe iliyokunjika. Halafu akasimama, akachukua mkoba wake.

"Mimi naenda msalani," alisema. "Magoti yangu siku hizi ni mabovu, huwa nachelewa kurudi. Faili ni la kijani. Na mimi sijakuona."

Nakala ilikuwa juu kabisa. Barua ya uteuzi yenye muhuri, na nyuma yake muhtasari wa ombi, kurasa mbili. Alisoma akiwa amesimama. Aya ya kwanza ilizungumzia mzigo wa degedege kwa watoto. Aliyatambua maneno yake mwenyewe kutoka ripoti ya mwaka juzi, pamoja na kosa la chapa ambalo hakuwahi kulirekebisha. Aya ya pili ilisema hivi: "Katika slaidi arobaini na sita zilizokwisha kuhesabiwa, panya waliopata degedege wakiwa wachanga wamepoteza takriban theluthi moja ya seli za eneo la kumbukumbu. Mwombaji atakamilisha hesabu ya slaidi mbili zilizobaki kabla ya dirisha kufungwa."

Theluthi moja.

Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa furaha. Ilimjia ghafla kabla hajaweza kuizuia, mpaka akashika ukingo wa meza. Theluthi moja si kitu kidogo. Ni kitu ambacho mtu anaweza kusimama mbele ya madaktari wa watoto akakisema na wakaacha kuandika wakamsikiliza. Miaka miwili alikuwa amebofya seli moja moja bila kujua kama anahesabu jambo au anahesabu hewa, na sasa alijua. Kisha akakumbuka amelijulia wapi, kwenye faili la mtu mwingine, kwa hisani ya mama aliyekwenda msalani. Wote walijua isipokuwa aliyehesabu. Akalirudisha faili mahali pake.

Akagonga mlango wa ndani.

"Karibu, binti yangu. Kaa," alisema Profesa. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumpandishia mtu sauti, na meza yake haikuwa na hata chembe ya vumbi. "Taa umepata?"

"Nimenunua."

"Vizuri sana. Lete risiti tuone."

"Fundi hatoi risiti."

"Basi hapo patakuwa pagumu kidogo."

"Profesa, umefungua bahasha."

Hakukana. Alivua saa yake, akaiweka mezani, akaitazama. "Nimefungua. Mimi ndiye kiongozi wa mradi."

"Tulikubaliana ifunguliwe zote arobaini na nane zikiisha. Tulisaini wote wawili."

"Tulikubaliana anayehesabu asijue. Na wewe hujui ipi ni ipi mpaka dakika hii. Hesabu zako ni safi kabisa. Kuna kosa gani hapo?"

Aliitafuta kasoro kwenye hoja hiyo, na kwa upande wa sayansi hakuiona. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kwa nini yeye?" akauliza.

"Usiweke moyoni. Wafadhili siku hizi wanataka mtu wa kusimama mbele za watu, mtu wa kuzungumza. Wewe ni mtu wa kazi. Idara inawahitaji wote wawili."

"Yeye ana miaka mitano mbele ya kuomba. Mimi nina wiki tatu."

"Na ndiyo maana yenyewe." Profesa alisema hivyo kwa huruma ya kweli. "Nikiteua mwenye miaka mitano, akikosa mwaka huu taasisi itamteua tena mwakani. Nikiteua mwenye wiki tatu, akikosa, taasisi imebaki mikono mitupu. Ukiwa kwenye kiti hiki utalazimika kufikiri hivyo."

"Jina langu liko wapi kwenye ombi?"

"Kwenye shukrani. Mstari wa pili."

"Naweza kwenda kwa mkuu wa kitivo."

"Nenda, ni haki yako. Ila yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi." Akakohoa kidogo. "Ninayekaimu ni mimi."

Nje, Mama alikuwa amerudi na anapiga chapa kwa nguvu kuliko kawaida.

"Sikiliza, binti yangu," aliendelea Profesa. "Sijakusahau. Bajeti yake ina nafasi ya msaidizi wa maabara. Nimeshamwelekeza kwamba nafasi hiyo ni yako. Miezi minane, halafu tutaangalia. Wewe malizia tu hizo mbili leo, fomu yake inasubiri jumla. Ni namba zipi zimebaki? Kumi na tisa na... hebu." Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu, akaitandaza mezani katikati yao.

Ilikuwa orodha.

Kabla hajawaza lolote mtafiti aligeuza uso ukutani. Alifanya hivyo haraka, shingo nzima, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenzake yumo. Kazi yake ilikuwa imeibwa, mwizi alikuwa mbele yake, na yeye alikuwa anaangalia kalenda ya benki ukutani ili asije akajua namba kumi na tisa ni mgonjwa au mzima kabla hajaihesabu.

Profesa akacheka kwa upole, akaikunja karatasi. "Samahani, uzee huu. Unaona sasa? Hii ndiyo sababu nakuamini kuliko wote hapa."

Aliichukia shingo yake mwenyewe. Akaaga, kwa sababu hakujua namna ya kutoka bila kuaga.

Alikaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo, karibu na matangi ya maji. Saa nane simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Leo si ndiyo leo? Wamesemaje?"

"Bado, mama. Jioni."

"Usikubali wakuchezee. Baba yako alichezewa pensheni miaka kumi na moja kwa sababu ya huo upole wenu. Anatoa shikamoo kwa karani mdogo kwake kwa miaka ishirini, karani anamwambia njoo kesho. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo huo. Nasikia mpaka tumbo. Haya, ukizipata hizo pesa wajengee hao panya hata kaburi, wamekutumikia sana. Mimi hunijengei, naona."

Alicheka, na kucheka kulimletea machozi, akasema mtandao unakata. Alilia kidogo, kimya, akijipangusa kwa ile leso iliyofunga balbu, ikamwachia vumbi usoni. Aliwaza kuziacha zile slaidi mbili kama zilivyo na kwenda nyumbani. Kisha akawaza panya arobaini na nane aliowalea kwa mkono, na akagundua kwamba bado anataka kujua. Jumla alikwishaijua, lakini kujua jumla si kujua slaidi, na hizo mbili hakuna mtu duniani aliyezijua. Alinyanyuka, akanawa uso bombani, akaenda maabara.

Slaidi ya kwanza ilimchukua saa moja na nusu. Aliandika hesabu yake kwenye karatasi, akaitia mkobani. Akaweka ya pili, namba kumi na tisa, akaishika ile mashine ndogo ya kubofya kwa kidole gumba, akaanza kona ya juu kushoto. Seli hai ina duara safi katikati na nukta moja nyeusi. Iliyokufa hubaki kama doa. Kati ya hizo mbili kuna nyingi ambazo mtu hujifunza kuzitambua kwa miaka, na huwezi kumweleza mwenzio umezitambua vipi.

Saa kumi na robo mlango ulifunguliwa. Ilinukia marashi.

"Dada, habari za kazi," alisema Bwana Kongamano.

Mtafiti alikuwa amefika mia tatu na kumi na nane. Akatoa jicho kwenye hadubini, akabofya mashine irudi sifuri, akairudisha slaidi kona ya juu kushoto. Alimwonyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa juu ya meza, mwandiko wa Profesa mwenyewe, wa tangu maabara ifunguliwe: ANAYEHESABU HASEMESHWI. AKISEMESHWA AANZE UPYA.

"Aa, samahani, nilikuwa nataka tu..."

Alikuwa kwenye nne. Akarudi sifuri.

Bwana Kongamano akafunga mdomo. Akajitafutia kiti, akakuta ni kile kibovu, akasimama. Mashine ikawa inabofya. Alitazama simu, akatazama dirisha, akatazama simu. Saa kumi na dakika thelathini na tano alishindwa kuvumilia.

"Dada, tafadhali. Nipe hata makadirio."

Mia mbili na sabini. Sifuri. Kona ya juu kushoto.

Makadirio yasingemsaidia, na kijana alilijua hilo. Profesa angeweza kuchukua kazi ya mtu akalala usingizi, lakini namba ya kubuni asingeipokea hata kwa bunduki. Alikuwa amewafelisha watu kwa namba moja. Kwa hiyo kijana alisimama. Mtafiti naye alihesabu, kwa utaratibu ule ule aliohesabia zile arobaini na saba, hakupunguza kasi wala kuiongeza. Hakuwa anamkomoa. Au alikuwa anamkomoa, lakini kwa haki, na mkono wake haukuwahi kutulia kama ulivyotulia saa ile.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili kijana alisema, "Jamani," kwa sauti ndogo sana, si kwa mtu yeyote. Mtafiti alikuwa amefika mia mbili na thelathini. Akarudi sifuri.

Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Kijana aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, ameshika kichwa, na suti yake ikagusa sakafu. Kwa dakika chache hapakuwa na sauti isipokuwa kubofya. Moyo wa mtafiti ulikuwa unadunda kwa kitu kinachokaribia raha, ingawa alijua kwamba hata yeye dirisha lile lilikuwa limemfungia na halitafunguka tena.

Simu ya kijana ikaita. Profesa alikuwa haongei kwa sauti kubwa, lakini chumba kilikuwa kidogo.

"Nimezungumza nao. Nimewaambia mtandao wetu ulikuwa na shida. Wametuongezea mpaka Jumatatu saa sita mchana. Mwambie binti yangu asijichoshe."

Mwezi uliopita mtafiti mwenyewe aliwaandikia wafadhili hao hao. Aliwaeleza kwamba chuo kilikaa na cheti chake miaka miwili bila kukichapa, na tarehe ya cheti ni ya nyuma, akaomba miaka hiyo isihesabiwe. Jibu lilirudi baada ya dakika nne. Lilisema tarehe hazibadiliki kwa mwombaji yeyote.

"Afadhali," alisema Bwana Kongamano, akajipangusa suruali. Rangi ilikuwa imemrudi, na tabasamu. "Umesikia, dada? Jumatatu. Usihangaike, nenda kapumzike. Na ile nafasi ya msaidizi usiwe na wasiwasi, mimi si mtu wa kusahau."

Mtafiti aliondoa jicho kwenye hadubini. Alivua koti jeupe, akalitundika. Mkobani mlikuwa na karatasi yenye hesabu ya slaidi ya kwanza, na hiyo aliiacha humo humo. Akaitoa slaidi yenyewe sandukuni, akaiweka mezani kando ya hadubini.

"Kaa," akasema.

"Mimi?"

"Kaa hapo kwenye stuli. Ni hiyo iliyopo chini ya lenzi, halafu hii. Mbili tu. Anza kona ya juu kushoto, shuka mstari kwa mstari." Akamshika mkono, akamwekea mashine ya kubofya kiganjani, akamfunga vidole.

"Lakini dada, mimi hii kazi..."

"Ombi linasema mwombaji atakamilisha hesabu ya slaidi mbili zilizobaki. Nimelisoma. Mwombaji ni wewe."

Kijana alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, akaketi, akakunja mikono ya suti, akainamisha jicho. Alikaa hivyo kwa muda. Kidole gumba kilikuwa juu ya mashine na hakikubofya.

"Dada," akasema bila kuinua kichwa. "Mbona zimejaa hivi? Zipi ndizo za kuhesabu?"

Mtafiti alikuwa amekwishafika mlangoni, mkoba begani. Jibu alikuwa nalo. Lilimchukua miaka tisa.

Akafunga mlango taratibu, maana anayehesabu hasemeshwi.